Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Saa tisa za usiku, Rushere. Tangi linanguruma
kama mtamba anayekaribia kuzaa,
na lita mia tatu za mtindi wa jana
bado ni maziwa.

Nimeyaonja. Hayajachacha, hayajaoza, hayana neno.
Joto ni lilelile, nyuzi arobaini na tatu.
Mbegu niliipanda mwenyewe,
mikono nimeinawa hadi viwikoni.
Kilichonyamaza humu si mashine.

Natandaza tone kwenye kioo,
nalipitisha juu ya moto mara tatu.
Zambarau, iodini, spiriti, waridi.

Siku nyingine hadubini hunionyesha mji:
vidonge vimeshikana mikono, minyororo kwa minyororo,
na fimbo nyembamba zimelaliana.
Kila seli ni nyumba isiyo na vyumba.
Kiini hakuna; uzi wa urithi umejikunja ukumbini
kama kamba ya kufungia ndama,
na ribosomu zimetapakaa kila pembe
zikifinyanga protini, hazijui zamu wala sikukuu.
Utando, mwembamba kuliko ngozi ya maziwa ya moto,
ndio mlango, ndio jiko, ndio karani:
sukari ingia, asidi toka.

Na nje ya utando, ukuta.

Mnene, umesukwa nyuzi juu ya nyuzi za sukari,
na kila uzi umefungwa kwa jirani yake
kwa vifundo vifupi vya protini.
Maji huingia, hujaza, husukuma;
ukuta husema, basi, hapo hapo.
Wala haumaliziki kusukwa. Seli inayokua
hufumua kidogo, huongeza kidogo, hufunga,
hadi katikati panazibwa, mmoja anakuwa wawili
bila mahari, bila matanga.

Usiku huu hakuna mji.
Kuna maganda. Zambarau imewatoka walio wengi,
wamebaki waridi hafifu, wamevimba,
kama kanga iliyofuliwa miaka kumi.

Nafungua daftari la mapokezi.
Rutahigwa, madebe manne, jana jioni.
Nampigia. Anapokea kabla simu haijalia mara ya pili.
"Ni Bihogo," anasema, nami sijauliza.
"Kiwele kilivimba. Nilimchoma penisilini juzi."
"Na ukamkamua?"
Nasikia mbwa wake. Nasikia mtu akikohoa ndani.
"Ada ya shule," anasema.

Penisilini haibomoi ukuta.
Haigusi uzi, haigusi utando.
Humshika fundi mkono
wakati ameshafumua na hajafunga.
Kazi iliyobaki hufanywa na maji.

Kulipokucha alikuja kwa pikipiki,
chupa ndogo mfukoni, maziwa ya chuchu ile mbovu.
Niliyapaka kwenye sahani, nikaweka kidonge cha dawa katikati,
nikamwambia arudi kesho.
Kesho yake wale wa kiwele walikuwa wameota
hadi ukingoni mwa kidonge, wamekizingira
kama watoto kwenye sherehe ya jirani.

Nilimweleza kuhusu pete:
kipande kidogo cha urithi, kando ya ule uzi mkubwa,
wanachoazimana kama sisi tunavyoazimana fahali.
Ndani yake mna maagizo ya mkasi,
na mkasi hukata dawa kabla haijamfikia fundi.
"Kwa hiyo niliwaua wako," alisema, "wangu wakabaki."
Sikujua nimjibu nini.

Akaomba kutazama. Akavua kofia,
akafumba jicho moja kama anayelenga,
akakaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia,
midomo ikicheza. Nikatambua alikuwa akihesabu,
kwa mtindo wa kuhesabu kundi likitoka kunywa maji:
kwa rangi, kwa umbo, pasipo kunyosha kidole.
Alipofika asikoweza kuhesabu tena
aliniuliza, bila kuinua kichwa,
"Hawa wote, ni wa nani?"

Nje, Nuwagaba alikuwa amefungua bomba la tangi.
Lita mia tatu, nyeupe kabisa, tamu kabisa,
zilikuwa zikienda shimoni.